Anza na Yaliyo Rahisi

Baba yetu alifaulu mtihani mmoja tu maishani, na mpaka leo anakula matunda yake. Ulikuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kule kwetu Haiti, kwenye chumba chenye joto ambamo jasho la mikono lililowesha karatasi. Kaka zake wote waliufanya na wote wakaanguka. Yeye alipita. Cheti chake kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni, na mgeni yeyote anayekaa kwenye kochi kubwa na kuinua macho, amejitakia mwenyewe.

"Siri ilikuwa moja," Baba humwambia. "Anza na yaliyo rahisi. Ukikutana na gumu, liruke. Usigombane nalo. Ukimaliza mengine unalirudia, nalo litakuwa limeshakuchoka."

Shangazi Yolette, dada yake Baba, ambaye tunaishi naye nyumba moja, hudakia kutoka jikoni.

"Na hilo trekta la miwa unaloendesha, ulilipata kwa kuruka magumu?"

Baba hucheka na kuendelea na hadithi yake.

Mimi sikuufikia mtihani huo. Mama alifariki siku alipomzaa mdogo wangu Naïka, nami nilikuwa darasa la nne. Ikabidi mtu abaki nyumbani na mtoto. Tulipohamia Florida nilikuwa mkubwa mno kukaa na watoto na mjinga mno kukaa na wakubwa wenzangu, nikaenda kwenye kiwanda cha kufungasha mahindi. Nipo hapo hadi sasa. Kiingereza changu ni cha kiwandani: boksi, haraka, limelowa, limeoza, kesho mapema. Nasikia mengi kuliko ninavyosema.

Naïka ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Alianza chekechea hapa, Kiingereza anakiongea kama waliozaliwa nacho. Benki, hospitali, shuleni kwake mwenyewe, Baba humweka mbele, naye hutafsiri akiwa amekunja mikono nyuma kama karani. Jioni, Baba akivua buti zenye udongo wetu mweusi, Naïka humsomea. Barua za shule, matangazo ya kiwanda cha sukari, halafu Biblia. Baba hufumba macho akisikiliza. Mtu asiyemjua angedhani amelala.

Mwaka huu Naïka alikuwa darasa la tatu, na darasa la tatu ndilo linalotisha hapa. Jimbo limeweka sheria: asiyefikia kiwango cha kusoma anarudia darasa. Mtihani hufanywa kwenye kompyuta mara tatu, mwanzo wa mwaka, katikati, na Mei. Mara mbili za kwanza ni za kujipima. Ya Mei ndiyo inayohukumu.

Mara mbili hizo Naïka alifanya vizuri. Mwalimu wake, Bi Lattimore, alikuwa na samaki wa karatasi ukutani, kila mtoto na wake, na kila mtihani samaki wanapandishwa kuelekea mstari wa bluu juu. Samaki wa Naïka alikuwa keshautoboa mstari huo kwa kichwa tangu Januari. Alipotuonyesha, Shangazi alisema samaki akitoka juu ya maji mara nyingi amekufa. Naïka alicheka hadi akashika tumbo.

Mei ilipofika shule ikawa kama kanisa siku ya ubatizo. Vijana wa sekondari walikuja na ngoma kuwashangilia watoto uwanjani. Kila mtoto akapewa fulana ya njano. Waliambiwa walale mapema, wale asubuhi, na kwamba siku yenyewe watapewa pipi ya mnanaa, maana eti mnanaa unaamsha ubongo. Jumapili kabla ya mtihani, baada ya kanisa, Baba alimkalisha Naïka kwenye kochi kubwa. Mara mbili za kwanza hakujishughulisha, kwa sababu aliambiwa hazihesabiki. Sasa huu ndio ulikuwa mtihani kweli, na yeye mitihani ya kweli anaijua.

Alimuuliza maswali yatakuwa mangapi. Naïka akasema hajui, linakuja moja, ukijibu linakuja jingine.

"Hawawaonyeshi yote?"

"Hapana, Baba."

"Wanawatega," Baba akasema. "Hata hivyo ni yale yale. Rahisi jibu. Gumu bonyeza chochote, pita, usipoteze muda. Ukimaliza, rudi kwenye magumu na akili iliyotulia. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Sema."

Naïka akayasema yote, neno kwa neno, mikono nyuma.

Majibu yalirudi kabla shule haijafungwa. Naïka alikuwa ameanguka. Si kwa kidogo. Alikuwa chini kuliko alivyokuwa Septemba, chini hata ya watoto ambao bado wanasoma kwa kufuata kidole. Pamoja na majibu yalikuja maneno ya mwalimu, kwamba kompyuta ilionyesha mtoto alikuwa akibonyeza majibu kwa haraka bila kusoma, na kwamba angependa tuonane.

Naïka ndiye aliyetusomea maneno hayo. Aliyasoma mpaka mwisho, sauti ile ile.

Baba hakupiga kelele. Aliuliza kama ni kweli alibonyeza bila kusoma. Naïka akasema ndiyo. Akamuuliza kwa nini. Naïka akatazama buti za Baba zilizokuwa mlangoni. Baba akasema kwamba mtoto mjinga anamwelewa, mtoto mvivu hamwelewi. Tangu jioni hiyo hakumwita tena kumsomea. Alikaa kwenye kochi na Biblia imefungwa mapajani, na Naïka alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, karibu kiasi kwamba akiitwa atasikia. Haikuwa hivyo jioni moja tu.

Shangazi alijaribu kutania. Alimwambia Baba kwamba ukoo mzima una vyeti vingi mno, acha mmoja apumzike. Hakuna aliyecheka, naye akarudi kwenye masufuria yake.

Jumamosi nilikuwa namsuka Naïka uani. Yeye chini kati ya magoti yangu, mimi kwenye ngazi. Mtu unayemsuka hakuoni uso, na labda ndiyo maana maneno hutoka. Nilimwambia tu, bila kuuliza, kwamba mimi simwamini mtu anayemwita mvivu.

Nikamaliza msuko mmoja, nikaanza mwingine.

"Nilikuwa nitarudi, Dada," akasema.

"Kurudi wapi?"

"Kwenye magumu. Nilibonyeza tu ili yapite. Nikimaliza nirudi." Alikuwa akichora kwa kidole kwenye udongo. "Kompyuta haina kurudi. Zile mara mbili sikuruka, kwa hiyo sikujua. Nilitafuta. Nikamwinulia mkono mwalimu, akasema haruhusiwi kunisaidia, nijitahidi tu. Halafu maswali yakaanza kuwa ya kitoto. Paka yuko wapi. Paka yuko juu ya kiti. Nikajua nimeharibu."

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

Aligeuka kunitazama na nusu ya kichwa haijasukwa.

"Nimwambieje?"

Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kumwambia Baba kwamba jambo lile la kwenye cheti lilikuwa na kasoro. Shangazi hulitania, lakini hulitania kama mtu anavyotania kitu asichoweza kukihamisha. Na Naïka hakuwa anaogopa kuchapwa. Alikuwa anaogopa kumwona Baba akikaa kwenye kochi lile asiinue macho.

Siku iliyofuata nilimfuata Baba nje. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nilisimama pale na sentensi yangu nimeshaipanga. Akanyoosha mkono akaomba spana. Nikampa. Akaomba nyingine, nikampa. Halafu nikarudi ndani.

Siku ya kuonana na mwalimu nilienda nao kwa sababu Shangazi alisema niende nikabebe mkoba, kitu ambacho hakikuwa na maana yoyote, mkoba wenyewe ulikuwa mdogo. Darasa lilikuwa limeanza kufungwa, viti vimepandishwa juu ya meza. Samaki bado walikuwa ukutani. Wa Naïka hakuwa ameshushwa. Bi Lattimore alimwacha palepale juu.

Bi Lattimore ni mwanamke mweusi wa hapa hapa, mwenye sauti nzito ya kuimba kwaya. Alitukalisha kwenye viti vya watoto, Baba magoti yakagusa kifua. Naïka akasimama katikati yetu, mikono nyuma, tayari kwa kazi.

Mwalimu alieleza kwamba hakutuita ili kumlaumu mtu. Alimsikia Naïka akisoma kila siku mwaka mzima, na mtoto aliyemsikia siye huyu wa Mei. Naïka akatafsiri. Baba akasema anaomba radhi kwa uvivu wa binti yake, na kwamba ataunyoosha. Naïka akatafsiri hilo pia, uvivu wa binti yake, kama anaongea juu ya mtoto wa jirani.

Kisha mwalimu akainama, akamuuliza yeye mwenyewe, polepole, kwa nini alikuwa akibonyeza haraka vile.

Naïka akamjibu kwa Kiingereza kwamba alikuwa amechoka.

"Umesemaje?" Baba akamuuliza.

"Nimesema nilikuwa nimechoka," Naïka akamwambia kwa Kikrioli, lugha yetu ya Haiti.

Hapo niliona jinsi mambo yatakavyokwisha. Mwalimu angeandika amechoka. Baba angeendelea na mvivu. Agosti Naïka angekaa kwenye kiti kile kile, mrefu kuliko wote, na kila mmoja wao angekuwa na jibu lake mkononi ambalo si kweli. Kulikuwa na watu wawili tu chumbani waliojua, na mmoja alikuwa ameshaamua kufa nalo.

Nilikohoa. Wote wakanigeukia, na uso wangu ukawaka moto. Nilitafuta maneno kwa Kiingereza changu cha maboksi.

"Hakuchoka," nikasema. "Ngumu, aliacha. Alitaka kurudi. Mashine haina kurudi."

Mwalimu alinitazama kama kwamba mkoba ndio umeongea. Akaniomba nirudie. Nikarudia, safari hii na mikono: nikachukua penseli zilizokuwa mezani, moja nikaweka kando, nyingine kando, nikaenda mpaka mwisho, nikarudi kuzichukua za kando. Kisha nikatikisa kichwa.

Bi Lattimore akaweka kiganja mdomoni.

"Mungu wangu," akasema. Alieleza, na sasa nilikuwa mimi ninayemtafsiria Baba kwa sababu Naïka alikuwa ameinamisha kichwa, kwamba kila mwaka huwaambia watoto wasome taratibu, wavute pumzi, wasiogope. Haikumjia kamwe kuwaambia hakuna kurudi. Hawa watoto walianzia kwenye kompyuta. Hawajawahi kushika mtihani mzima wa karatasi, wakaugeuza mbele na nyuma. Nani angewafundisha kuruka?

Halafu akauliza hasa hilo, bila ubaya: nani alimfundisha?

Nikamtafsiria Baba. Kabla hajafungua mdomo, Naïka akasema haraka, kwa Kikrioli, kwamba ni yeye mwenyewe, alijiamulia tu.

Baba akamtazama. Alimtazama muda mrefu, na niliona kitu kikipita usoni mwake polepole, kama mtu anayesoma ishara ya barabarani akiwa mbali, kisha karibu.

"Guerline," akaniambia, bila kumwondolea macho Naïka. "Mwambie mwalimu ni mimi. Mwambie baba yake, mwenye cheti."

Nikamwambia. Naïka akaanza kulia bila sauti, na Baba akamvuta akamweka kwenye goti lake, ingawa kwenye kiti kile hapakuwa na goti la kumtosha.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza.

"Ulifaulu nayo," Naïka akasema.

Kisha mwalimu akanyooshea kidole miwani aliyovaa Baba, akamuuliza kama aliwahi kupimwa macho. Baba akasema ndiyo, alipotafuta leseni.

"Herufi zilianzaje?"

Kubwa, Baba akasema, halafu ndogo, halafu ndogo zaidi.

"Ukisoma vizuri mstari, wanakupeleka wapi?"

"Chini."

"Mpaka lini?"

Baba akafikiri. "Mpaka nishindwe."

Basi mtihani huu ndio huo, mwalimu akasema. Ukijibu sawa unapewa gumu zaidi. Ukikosa unapewa jepesi. Hauhesabu mtoto kapata mangapi. Unatafuta mstari anaokwama. Mwenye macho mabovu hukwama juu, mwenye macho mazuri hukwama chini, lakini wote hukwama. Anayetoka akisema yote yalikuwa rahisi, huyo ndiye wa kumhurumia.

Nilipomaliza kutafsiri, Baba alivua miwani akaishika mkononi.

"Kwa hiyo kila alipoliruka gumu," akasema polepole, "waliandika hapa haoni."

"Ndiyo, Baba."

"Wakampandisha juu, kwenye herufi za vipofu."

Aliuliza kama wanaweza kumpa mtihani tena kesho. Mwalimu akasema hapana. Wa Mei umekwisha, hata kama kila mtu chumbani anajua kilichotokea. Kilichobaki ni masomo ya likizo, na mwishoni mwake mtihani mmoja, kwa kompyuta, wa namna ile ile. Akifika kiwango pale, anapanda. Asipofika, anarudia, na yeye hatakuwa na la kufanya.

Jioni ile Baba aliketi kwenye kochi, akaifungua Biblia, akaita jina. Naïka alitoka kwenye kizingiti kabla jina halijaisha.

Lakini Baba ni mtu asiyejua nusu. Sasa alihamia magumu. Alimtafutia sura zenye majina ya wafalme na watoto wao na wajukuu wao, akaomba kwa mwalimu vitabu vya juu ya darasa lake, akaleta hata kile kijitabu cha kutengeneza injini ya trekta, cha Kiingereza, kilichojaa mafuta. Naïka akikwama, alikuwa akinyoosha mkono kugeuza ukurasa, na Baba alikuwa akiweka kidole chake kinene juu yake.

"Kaa hapo hapo. Halina pa kwenda."

Wakakaa. Juni nzima walikaa, juu ya neno moja, juu ya sentensi moja, mbu wakiwala. Mara moja wali uliungua na harufu ikajaa nyumba yote na hakuna kati yao aliyeinua kichwa. Shangazi alisema zamani alikuwa na kaka mmoja mwenye wazimu wa rahisi, sasa ana kaka mwenye wazimu wa magumu, na kwamba aliposema anataka mabadiliko hakuwa na maana hiyo.

Mimi nilikuwa nakaa nao pembeni, msimu wa mahindi ulikuwa umekwisha. Mwanzo nilikuwa nachambua maharage. Baadaye nikawa nachambua maharage nikifuata kitabu kwa jicho. Hakuna aliyenizuia. Kuna neno kwenye kijitabu cha injini nililipata mimi kwanza, lakini sikulisema.

Siku ya mtihani tulimngoja kwenye maegesho ya shule. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya ziwa lililo jirani na mji wetu kama yanavyofanya kila mchana wa Julai. Shangazi alikuja na wali wa maharage na ndizi za kukaanga kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Baba alikuja moja kwa moja kutoka karakana, ovaroli imelowa grisi, akasimama akiegemea gari. Mlango wa darasa ulikuwa umebandikwa ile karatasi yao ya kuomba ukimya, na hata Shangazi aliuheshimu.

Naïka alitoka taratibu, pipi ya mnanaa bado imevimbisha shavu. Alikuja mpaka mbele ya Baba, akakunja mikono nyuma.

"Ehe?" Shangazi akauliza. "Ulikuwaje?"

"Mgumu," Naïka akasema, na kidevu kikaanza kutetemeka. "Mgumu mpaka mwisho."

"Yesu," Shangazi akasema, akakaa kwenye bampa la gari.

Baba akainama, uso wake sawa na wa Naïka.

"Ulianza mgumu?"

"Hapana. Ulianza rahisi."

"Halafu?"

"Halafu kila nikijibu, linakuja gumu kuliko lile. La mwisho sikuelewa hata wanauliza nini."

"Ukaliruka?"

"Nilikaa nalo, Baba. Nilikaa nalo mpaka wote wametoka. Halafu nikachagua."

"Paka hakuja? Yule wa juu ya kiti?"

Naïka akafikiri. "Hakuja."

Baba akasimama. Alivua miwani akaifuta kwa ovaroli, ikawa chafu kuliko kabla, akaivaa hivyo hivyo.

Mlango ukafunguliwa tena, Bi Lattimore akatoka akasimama juu ya ngazi. Alijua kilichotokea, kompyuta zile husema papo hapo. Lakini haruhusiwi kusema neno mpaka wakubwa wake waidhinishe, na yeye ni mtu wa kufuata sheria. Alitutazama tu. Kisha akainua mkono, akaweka kidole hewani mbele ya uso wake, akakivuta kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma mstari. Akakishusha kidogo, akavuta tena. Akashusha. Akavuta. Aliendelea hivyo, kifuani, tumboni, mpaka akawa ameinama na kidole kiko karibu na goti, na alipoinuka alikuwa anapangusa macho.

"Na huyu naye ana nini?" Shangazi akauliza. "Anafukuza nzi?"

Baba alikuwa amemnyanyua Naïka juu, grisi na yote, kwenye ile nguo nyeupe niliyoipiga pasi asubuhi.

"Guerline," Shangazi akaniambia, "nieleze basi. Mtoto analia, mwalimu analia, baba mtu anacheka. Amepita au hakupita?"

Nikafungua bakuli, nikampa Naïka ndizi, nikakaa karibu na Shangazi kwenye bampa.

"Shangazi," nikasema, "umewahi kupimwa macho?"